Barua ya wazi kwa wanangu mlioanza chuo kwa kujikwaa na bado mnautaka udaktari

Marahaba, wanangu.

Barua hii si ya wote. Mwenye GPA, yaani wastani wa alama zake zote, ya 3.9 kati ya 4.0 aiweke kando akaendelee na kazi yake. Nawaandikia ninyi mnaosoma vyuo vya Marekani, watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao mwaka wa kwanza au wa pili uliwapiga mweleka. Mna F ya kemia, mna D ya kalkulasi, GPA imekaa kwenye 2.3 au 2.6, na mshauri wa masomo ameanza kuwatajia fani nyingine kwa sauti ya upole. Pengine anasema kweli kwa baadhi yenu. Kwa wengine, hajapiga hesabu.

Kwanza tuondoe dhana ambayo wazazi wenu walikuja nayo kutoka nyumbani. Chuoni Tanzania mtu akifeli anafanya sapu, mtihani wa marudio, na akizidisha kufeli anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Hapa sapu haipo. Ukipata F, F inakaa. Chuo chako chaweza kukuruhusu kurudia kozi na kuhesabu alama mpya peke yake, nawe ukaona GPA imepanda, ukafurahi. Lakini maombi ya vyuo vingi vya udaktari vinavyotoa shahada ya MD hupitia AMCAS, mfumo wa jumuiya ya vyuo vya udaktari iitwayo AAMC, na AMCAS haijali msamaha wa chuo chako. Inataka transkripti ya kila chuo cha Marekani ulichowahi kukanyaga, hata kozi moja ya chuo uliyosoma ukiwa bado sekondari, kisha inapiga GPA upya yenyewe. Kila jaribio linahesabiwa. F ya krediti 4 ikifuatwa na A ya krediti 4 ni krediti 8 zenye wastani wa 2.0. Vyuo vya DO, shahada nyingine ya udaktari, ambavyo maombi yake hupitia AACOMAS, vilikuwa na huruma ya kuhesabu jaribio la mwisho tu, ila huruma hiyo iliisha mwaka 2017. Msikubali kudanganywa na ushauri wa zamani. Texas pekee, penye mfumo wake uitwao TMDSAS, kuna sheria inayomruhusu mkazi wa jimbo kuomba krediti zenye umri wa miaka 10 au zaidi ziwekwe kando, na hapo anapoteza zote, nzuri na mbaya.

Habari njema imo ndani ya AMCAS hiyo hiyo. Fomu inayomfikia msomaji wa maombi katika chuo cha udaktari haina namba moja tu. Ina jedwali: mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na masomo ya baada ya shahada, kila mmoja kwa mstari wake. Tena kila mstari umegawanywa: masomo ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati upande mmoja (wanauita BCPM), mengine yote upande wa pili, kisha jumla. Msomaji anaona mistari ikipanda au ikiyumba kabla hajasoma neno lako hata moja. Kazi yenu kwa miaka miwili au mitatu ijayo ni kuujenga mwelekeo wa jedwali hilo, uwe wa kupanda bila kurudi nyuma.

Chukueni karatasi. Tuseme una krediti 60 zenye wastani wa 2.4, yaani pointi 144. Ukisoma krediti 60 nyingine kwa wastani wa 3.9 unaongeza pointi 234, jumla 378. Gawanya kwa 120 upate 3.15. Ukiongeza krediti 30 baada ya hapo, zote A, unafika 3.32. Namba hiyo bado iko chini: wanaoingia vyuo vya MD wana wastani wa karibu 3.8, na wa DO karibu 3.6. Lakini krediti 90 za mwisho zina 3.93, na hilo ndilo jedwali linaloonyesha. BCPM hupanda haraka zaidi kwa sababu krediti zake ni chache. Mwenye krediti 20 za sayansi kwa wastani wa 2.0, akisoma 40 nyingine kwa 3.9, anafika karibu 3.27. Fanyeni hesabu hii kwa namba zenu halisi kabla ya kumlilia mtu. Kumbukeni pia kwamba A- ni 3.7, B+ ni 3.3, na A+ haizidi 4.0.

Sasa tuseme kwa nini mlianguka, maana mkijenga bila kujua ufa ulikuwa wapi, ukuta utaanguka tena. Sababu ninazoziona zikijirudia ni mbili, na akili haimo.

Ya kwanza ni saa. Kozi moja ya sayansi inadai saa 2 hadi 3 za kusoma nje ya darasa kwa kila krediti kwa wiki. Krediti 14 ni saa 28 hadi 42, mbali na darasa na maabara. Kijana anayefanya saa 36 ghalani au kwenye nyumba ya wazee zamu ya usiku, kisha anampeleka mama kliniki na kuwachukua wadogo zake shuleni, hana saa hizo. Hazipo, hata awe hodari vipi. Hapo dawa ni kupunguza kitu, na mara nyingi kinachopungua kwanza ni krediti: nusu mwaka wa krediti 12 zenye kozi mbili tu za sayansi. Anayechukua kemia, biolojia na kalkulasi pamoja na maabara zake katika muhula wa kwanza wa kurudi, ili awahi wenzake, anarudi palepale. Wazazi wanaosoma hapa, nawaomba: kijana akisema Jumapili hii siendi harusini, mwacheni.

Ya pili ni namna ya kusoma. Tulizoea kukremu. Kukremu kunamfikisha mtu kwenye C ya biolojia ya mwanzo, na kunamwangusha kabisa kwenye kemia ogani, kwa sababu mtihani hauulizi ulichosoma, unaleta molekuli usiyoiona na kukuuliza itafanya nini. Anayesoma kwa kuupitia mwongozo mara tano anajiona anajua, kwa sababu macho yameuzoea ukurasa. Fungeni daftari, fanyeni swali bila kuangalia, muone mkono unakwama wapi. Hapo ndipo pa kusoma. Saa za ofisi za mwalimu nazo hamzitumii, kwa adabu ya kwetu ya kutomsumbua mkubwa. Hapa kutokwenda kunasomeka kama kutojali. Nendeni kila wiki, na swali lililoandikwa, kuanzia wiki ya pili. Mwalimu huyo huyo ndiye mtakayemwomba barua, na asiyekujua ataandika barua ya mistari minne inayosema ulipata A.

Muhula ukianza kuharibika, msingoje mwisho. Kila chuo kina tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi, nayo imo kwenye kalenda ya msajili. Alama ya W, ya kujitoa, haiingii kwenye GPA, F inaingia. W moja au mbili hazimuui mtu, ila W za kila muhula zinasomeka. Kabla ya kujitoa, piteni ofisi ya misaada ya fedha, kwa sababu serikali ya shirikisho inadai mwendo wa kuridhisha wa masomo, SAP, na kwa vyuo vingi maana yake ni kumaliza walau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu na kuwa na GPA ya 2.0. Ukikatwa msaada, kuna rufaa. Inataka sababu, ushahidi, na mpango wa muhula kwa muhula. Jihadharini pia na alama ya I, ya kazi ambayo haijakamilika. Ikisahauliwa hugeuka F yenyewe, bila kupiga hodi.

Mnauliza: nirudie kozi gani? D na F za kozi za lazima mzirudie, kwa sababu vyuo vya udaktari kwa kawaida havikubali chini ya C. C- nayo iko kundini. C kamili msiirudie. Badala yake pandeni juu: aliyepata C ya kemia ya mwanzo na baadaye A ya biokemia amekwisha jibu swali la kemia. Kozi zinazobeba uzito ni biokemia, fiziolojia, jenetiki, biolojia ya seli, imunolojia, mikrobiolojia. Zichukuliwe chuo cha miaka minne ikiwezekana. Chuo cha jamii ni halali, na kwa mwenye mfuko mwembamba ni baraka, lakini aliyefeli chuo kikuu kisha akakusanya A zake zote chuo cha jamii anaacha swali mezani. Walau kozi tatu au nne za juu zisomwe mahali palepale alipoangukia, au penye ugumu sawa.

Hapa kuna jambo la fedha ambalo watu hulijua wakiwa wamekwisha vaa joho. Ruzuku ya Pell, msaada wa shirikisho usiorudishwa, hutolewa kwa asiye na shahada ya kwanza, hadi kiwango cha mihula 12 ya kusoma muda wote. Siku shahada inapotolewa, Pell imekwisha hata kama una mihula 3 mkononi. Mwenye kuhitaji krediti 24 zaidi za sayansi afikirie sana kabla ya kukimbilia mahafali. Kuongeza fani ndogo ya kemia na kubaki mwaka mmoja zaidi kunaweza kuwa nafuu kuliko kurudi baadaye kama mwanafunzi mwenye shahada. Kuna mpaka: msaada wa shirikisho hulipia kurudia kozi uliyokwisha kufaulu mara moja tu. Na ukipita asilimia 150 ya krediti za shahada yako, SAP inakugonga.

Kwa aliyekwisha hitimu, njia ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kurudi kusoma kozi za shahada ya kwanza, kwa programu rasmi au kwa kujiandikisha mwenyewe kozi moja moja; krediti hizi zinaingia kwenye GPA yako ya shahada ya kwanza. Ya pili ni shahada ya uzamili ya mwaka mmoja iliyotengenezwa kwa wanaotaka udaktari, ambapo unasoma masomo yanayofanana na ya mwaka wa kwanza wa udaktari. Alama zake zinapigwa kando; 2.9 yako itabaki 2.9. Ya kwanza ni ya mwenye GPA iliyo chini ya 3.0 au karibu na hapo. Ya pili ni ya mwenye 3.1 au 3.2 ambaye hesabu ya krediti haimwinui tena, na ana alama nzuri tayari za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Ya pili ni ghali, na tangu Julai 2026 mkopo wa shirikisho kwa mwanafunzi mpya wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Kinachozidi ni mkopo wa benki na mdhamini. Tena ni panga la makali mawili. Anayepata B huko ameandika kwa mkono wake kwamba masomo ya udaktari yatamshinda. Asiyekuwa tayari kwa A asiingie.

MCAT. Alama zake ni kuanzia 472 hadi 528, katikati ni 500. Sehemu nne, kila moja 118 hadi 132. Maswali 230, saa 6 na robo za kujibu, na ukiongeza mapumziko ni siku nzima. Wanaoingia MD wana wastani wa 511 hadi 512, DO karibu 504. Kwa mwenye GPA ya kujengwa upya, mtihani huu ndio shahidi wa pili, na ushahidi wake lazima ukubaliane na wa kwanza. Mistari ya jedwali ikipanda halafu MCAT ikawa 496, msomaji atadhani ulitafuta walimu wepesi. Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo, 7 maishani, na vyuo vinaona zote. Kwa hiyo msiende kujaribu bahati. Malizeni biokemia kwanza, tengeni miezi minne hadi sita, fanyeni mitihani kamili ya mazoezi iliyotolewa na AAMC yenyewe, na kama wastani wa mitatu ya mwisho haujafika mnapotaka, sogezeni tarehe. Kuisogeza kuna gharama, lakini alama mbaya ina gharama zaidi.

Sehemu inayowaumiza wenzetu ni CARS, ya kusoma na kuchambua: vifungu 9, maswali 53, dakika 90, yaani dakika 10 kwa kifungu. Haihitaji sayansi yoyote, inahitaji Kiingereza kilichokomaa. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne, haiponi kwa miezi miwili ya kukazana. Anzeni mwaka mzima kabla: kifungu kimoja kwa siku cha falsafa, historia au sanaa, kisha sema kwa sentensi moja, hata kwa Kiswahili, mwandishi anadai nini na anampinga nani. Hiyo sentensi moja ndiyo zoezi.

Kuhusu uzoefu wa hospitali, mna mali msiyoithamini. Wengi wenu mmefanya kazi ya CNA, ya kuwahudumia wagonjwa na wazee. Mnaificha kwa aibu, kana kwamba ni kazi ya shida tu. Ni uzoefu wa kitabibu, unaolipwa, wa maelfu ya saa. Mtoto wa tajiri anautafuta kwa kujitolea Jumamosi. Uandikeni. Ukalimani nao ni dhahabu, ila mwende kwa njia yake. Kumtafsiria bibi yako kliniki ni wajibu wa familia. Ukalimani wa hospitali unataka mafunzo ya walau saa 40, na kwa lugha kama Kiswahili tume iitwayo CCHI hutoa cheti cha CoreCHI, ambacho mtihani wake ni wa Kiingereza. Mkalimani aliyefunzwa anakaa chumbani daktari anapomweleza mtu habari ya saratani. Hakuna kumfuata daktari nyuma, kumtazama tu akifanya kazi, kunakofikia hapo, ingawa hizo saa za kumfuata daktari nazo mzitafute, 40 au 50 zinatosha, na kwa DO awemo daktari mmoja wa DO. Kulea wadogo zako kunaandikika pia. AMCAS ina nafasi 15 za shughuli, herufi 700 kila moja, na tatu kati yake zinaongezwa herufi 1,325.

Namna ya kulisema anguko lenyewe ni jambo nyeti. Fomu inauliza kama chuo kilishawahi kukuchukulia hatua kwa alama mbaya au kwa mwenendo, hata kama hukusimamishwa. Kuwekwa chini ya uangalizi wa kimasomo kunaweza kuhesabika. Muulizeni msajili kwa maandishi kilichomo kwenye faili lenu, kisha semeni kweli. Kilichofichwa kikigunduliwa kinafuta hata nafasi uliyokwisha pewa. Maelezo yawe mafupi: kilichotokea, nilichobadilisha, matokeo. "Nilikuwa nafanya kazi saa 38 kwa wiki usiku. Nilipunguza hadi 15 na kuhamia mchana. Mihula minne iliyofuata ni 3.9." Inatosha. Insha kuu, ya herufi 5,300, msiigeuze kuwa kesi ya kujitetea. Hiyo ni ya kusema kwa nini udaktari. Habari za kambi ya wakimbizi, za safari, za baba kuugua zina mahali pake, sehemu ya herufi 1,325 iliyowekwa kwa mambo mazito yaliyoathiri njia yako. Waliosoma chuo Nairobi, Kampala au Bujumbura wajue kwamba AMCAS haihakiki wala haipigi GPA ya masomo ya nje. Myataje, lakini kozi za lazima mzisome hapa.

Msiidharau DO. Ni daktari kamili, anaandika dawa, anapasua, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya MD na DO yako chini ya mfumo mmoja. Anayekataa kuomba DO kwa sababu wajomba nyumbani hawazijui herufi hizo anaipa harusi ya jirani uzito kuliko maisha yake. Vyuo vya kibiashara vya visiwa vya Karibi vitawatafuta ninyi hasa, na vitawapokea haraka. Mwaka 2024, waliokuwa wakimaliza MD hapa walipata nafasi za ubingwa kwa asilimia 93.5, DO 92.3, na raia wa Marekani waliosomea nje 67. Na hiyo 67 haiwahesabu waliochujwa njiani wakiwa na mkopo mgongoni.

Gharama: AMCAS inadai zaidi ya dola 170 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 40 kwa kila kinachofuata, na baadaye kila chuo kinadai ada yake ya insha za pili, za kujibu maswali ya chuo chenyewe. AAMC ina mpango wa kusaidia ada, FAP, kwa familia yenye kipato kisichozidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Wanaostahili ni raia, wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, waliopewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi, na wenye DACA, ulinzi wa walioletwa Marekani wakiwa watoto bila hati. Unapunguza ada ya MCAT, unatoa vifaa vya mazoezi, na unalipia maombi ya vyuo hadi 20. Haurudi nyuma: aliyelipa kwanza kisha akaomba FAP harudishiwi alicholipa. Mwenye viza ya mwanafunzi aangalie kila chuo kimoja kimoja, maana vingi havipokei, na hakuna sababu ya kulipia mlango uliofungwa.

Mwisho ni lini kuomba. Fomu hufunguka Mei na huanza kupokelewa mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni; uhakiki wa alama wakati wa msongamano huchukua hadi wiki sita, na usaili huanza kabla ya majani kupukutika. Ukituma Septemba, nafasi nyingi zimekwisha gawanywa, na mwenye GPA ya kujengwa upya ndiye wa kwanza kuwekwa kando. Ombeni mwaka ambao alama za masika tayari zimo kwenye transkripti, MCAT imetoka, na barua tatu au nne zimefika, mbili za walimu wa sayansi. Kama mwaka huu kimoja kati ya hivyo hakipo, ombeni mwaka ujao. Vyuo vingi humuuliza anayerudi ni nini kimebadilika tangu mara ya kwanza, na jibu la "nimesubiri" halimfikishi popote. Insha za pili zikija, zirudisheni ndani ya wiki mbili. Anzeni kuziandika Juni, maswali yake hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka.

Transkripti agizeni mapema Mei, kutoka kila chuo, pamoja na kile mlichosoma kozi moja ya kiangazi mkakisahau. Hicho ndicho kinachochelewesha.

Mzee wenu